Vuka Darajani, Ufuate Sanduku

Mgeni wa Unguja huzungushwa Mji Mkongwe aonyeshwe milango: huu wa Kihindi, ule wa Kiarabu. Mizuri kweli, na UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ila mlango hukaa pale pale ulipopachikwa. Anayetaka kuziona asili za kisiwa hiki zikichanganyika na kutoka jasho, na avuke Darajani aingie Ng'ambo, siku ya harusi. Zamani mkono wa bahari ulizitenga pande hizi mbili. Siku hizi umefukiwa, pamekuwa barabara.

Huko kinachopigwa ni kidumbak, na utakijua kwa mngurumo wa sanduku kabla hujaiona shughuli yenyewe. Ni lile sanduku la mbao la majani ya chai, limepinduliwa, likatiwa uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji huliwekea mguu lisimponyoke, akaivuta fimbo na kuilegeza, na besi ikapanda na kushuka. Vigoma viwili vidogo hujibizana, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa vinashika mwendo, na juu ya yote fidla inalia.

Fidla hiyo ni mtoto wa Ulaya aliyelelewa Misri. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Cairo kasrini. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa. Taarab hiyo ilikuwa ya kuketi na kusikiliza. Ng'ambo, walikojazana watu wenye asili ya bara, hawakuwa na ala ya kanuni wala viti vya kutosha. Walizichukua nyimbo zile zile, wakaziongezea kasi na kuzitia mapigo ya ngoma za kwao, kiuno kikapata kazi.

Kwangu mimi, hapa ndipo taarab ilipopata miguu. Mwimbaji haumalizi wimbo. Hukata kipande cha huu akaunga na cha ule, muda mrefu bila kupumua, huku kina mama kwenye duara wakizungusha viuno na wengine wakijitokeza kumtuza. Taarab ya kwenye mahoteli, yenye adabu zake zote, hainipi hata nusu ya raha hiyo.

Shughuli ni ya wanawake. Mgeni wa kike huvutwa ndani apende asipende. Mwanamume aombe ruhusa kwa wenye harusi, kisha asogee upande wa wapigaji, karibu na sanduku.