Umusambi Katika Picha ya Harusi

Sebuleni kwetu, mjini Musanze, kuna picha moja iliyotundikwa ukutani juu ya redio. Ni picha ya harusi ya shangazi yangu, iliyopigwa mwaka 2009 katika bustani ya hoteli moja jijini Kigali. Maharusi wamesimama katikati, wazee wako kulia kwao, na mimi, mtoto wa miaka sita mwenye gauni jeupe, niko mbele kabisa. Kando yangu amesimama korongo mwenye taji, ndege ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita umusambi. Kimo chake kinakaribia changu. Amefungua mabawa yake yote mawili. Nakumbuka wanawake walivyopiga vigelegele, na mpigapicha akasema tumepata bahati kubwa kwa sababu hata ndege anaicheza harusi yetu.

Hadithi hiyo nimewasimulia wageni wengi sana. Niliisimulia tena mwaka jana, darasani, mhadhiri wetu wa Kiswahili alipotuagiza kila mmoja alete picha ya familia na kuieleza mbele ya wenzake. Nilipomaliza, walinipigia makofi. Kisha mwenzangu mmoja kutoka Mbarara, Uganda, akaomba kuishika ile picha.

"Kwetu huyu yuko kwenye bendera," alisema. "Yuko pia kwenye sarafu ya shilingi 500." Akaisogeza karibu na macho. "Lakini mbona bawa lake moja ni fupi?"

Nilimnyang'anya picha karibu kwa hasira. Bawa la kushoto lilikuwa refu, lenye manyoya marefu meusi mwishoni. La kulia liliishia katikati, limenyooka kama ukingo wa kitambaa kilichopitishwa mkasi. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimeitazama picha ile kila siku, na sikuwahi kuliona bawa hilo.

Wiki hiyo nilianza kusoma habari za ndege huyu. Nilijua kwamba Wanyarwanda wanampenda: ngoma zetu zina hatua zinazoigiza anavyorukaruka, na wazee humtaja kama ishara ya utajiri na maisha marefu. Sikujua kwamba mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Matajiri na wenye hoteli walitaka kuwa naye bustanini, basi makinda yalichukuliwa kwenye vinamasi, yakauzwa, na mabawa yao yakakatwa au kuvunjwa ili wasiondoke. Umusambi aliyefungwa hivyo kwa kawaida hazai. Kwa hiyo kila bustani ilipotaka ndege mwingine, ilibidi mtu arudi tena kinamasini. Vinamasi vyenyewe navyo vilikuwa vikilimwa. Mwaka 2012 ndege huyu aliingizwa rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Umusambi alikuwa mzuri mno, akauzwa.

Nilitambua pia kwamba jambo hili si letu peke yetu. John James Audubon, ambaye picha zake 435 za ndege wa Marekani zilichapishwa kati ya 1827 na 1838, aliwapiga ndege risasi kwanza, kisha akaishikilia miili yao kwa waya ili ionekane kama iliyo hai. Baadaye katika karne hiyohiyo, wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zilizopambwa manyoya ya yangeyange, na ndege hao wakauawa makundi kwa makundi. Kamera ilikuja kama nafuu, kwa kuwa iliwezekana sasa kubaki na sura ya ndege bila kumuua. Lakini mpigapicha wa harusi yetu alihitaji ndege asiyeondoka, na mtu alikwisha kumtayarishia.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu, wilayani Burera, kwenye kilima kinachotazama kinamasi cha Rugezi. Nilimwonyesha picha na kumweleza niliyosoma. Nilitarajia asikitike pamoja nami. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mimi niliwashika wengi."

Alinieleza bila kuficha. Umusambi hujenga kiota chake chini, katikati ya nyasi za kinamasini, na hutaga mayai mawili au matatu. Kinda likianguliwa hukimbia tu, haliruki mpaka lifikishe miezi miwili au mitatu. Babu alijua mahali viota vilipo kwa sababu alikata nyasi huko tangu utotoni. Mfanyabiashara alikuwa anapanda kilima kwa baiskeli na kikapu nyuma.

"Hukumwonea huruma mama yake?" nilimuuliza.

"Alikuwa analia siku mbili, tatu," alijibu. "Lakini mjukuu wangu, baba yako alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Shangazi yako naye alikuwa anaanza shule mwaka uleule."

Sikuwa na neno la kumjibu. Baba yangu alisoma, akapata kazi, na kwa kazi hiyo nami niko chuo kikuu ninasoma Kiswahili. Nilimuuliza kama inawezekana ndege wa kwenye picha alikuwa mmoja wa wake. Babu alicheka kidogo. "Nitajuaje? Wote huvaa taji moja."

Baada ya likizo nilikwenda Umusambi Village, jijini Kigali. Ni kinamasi kilichofufuliwa na shirika la daktari wa mifugo Olivier Nsengimana ili kiwe makao ya korongo waliotolewa mikononi mwa watu na ambao hawawezi tena kurudi porini. Kuanzia mwaka 2014 wenye ndege hao waliombwa kuwaandikisha na kuwatoa bila kuadhibiwa. Waliopona walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliokuwa na mabawa mabovu walibaki hapa.

Nilipiga picha zaidi ya sitini kwa simu yangu. Zote zilitoka vizuri: kishungi cha dhahabu, shavu jeupe, kifuko chekundu chini ya koo, jicho la kijivu likinitazama. Nilifurahi, na nilipokuwa njiani kwenye basi nikaona aibu ya furaha hiyo. Picha zilikuwa nzuri kwa sababu ndege walisimama, na walisimama kwa sababu hawakuwa na njia ya kuniondokea. Sisemi tusiwapige picha. Watoto wa shule niliowakuta pale walijifunza mengi kwa kumwona karibu. Nasema tu kwamba nilikuwa nimesimama palepale aliposimama mpigapicha wa 2009, na nilipendezwa na kilekile kilichompendeza yeye.

Mwezi wa nane nilirudi kwa babu. Asubuhi moja aliniamsha mapema tukashuka mpaka ukingoni mwa Rugezi. Tulisubiri muda mrefu ndani ya ukungu. Kwanza tuliwasikia, sauti kama ya baragumu mbovu, kisha wakapita wawili juu ya mafunjo, shingo zimenyooka mbele. Babu alivua kofia. Mimi nilihangaika na simu, na nilipoibonyeza walikuwa wameshafika mbali. Picha hiyo ni mbaya: ni ukungu, na ndani yake madoa mawili.

Niliichapisha hivyohivyo na kuichomeka pembeni mwa fremu ya picha ya harusi. Baba aliitazama hakusema kitu. Shangazi alipotutembelea ndiye aliyeuliza, huku akicheka, hii ni picha ya nini sasa, mbona haionyeshi chochote. Nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikaanza kumweleza kuanzia kwa babu na ada ya shule.