Doa la kamera na doa la mtu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo si la darasani, ila kila mwaka ukifika mwezi wa sita naulizwa. Kiangazi cha Kigali kikianza, kuanzia Juni mpaka Agosti, vumbi jekundu la vichochoro vya Nyamirambo na Biryogo huingia kila mahali: kwenye mazulia, kwenye vyombo, kwenye vitabu. Huingia na ndani ya kamera. Na kwa kuwa kamera ya madrasa naitunza mimi, wazazi huniuliza: "Mwalimu, mbona picha za watoto zina vidoa vyeusi angani?"

Kamera ya dijitali haina filamu. Mahali pa filamu pana kihisi, kibao kidogo kinachopokea mwanga, na mbele yake pana kioo chembamba cha kukikinga. Vumbi hukaa juu ya kioo hicho. Zamani chembe ikiingia iliharibu picha moja, kisha filamu ikisogezwa huondoka nayo. Kihisi hakisogei. Chembe iliyotua leo itaonekana kwenye picha ya leo, ya kesho na ya Idi, mpaka itolewe. Wala msidharau udogo wake. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa takriban mikromita 70, na pikseli moja ya kamera nyingi ina mikromita 4 hadi 6 tu. Kwa hiyo uzi mwembamba kama unywele hufunika upana wa pikseli zaidi ya kumi.

Wengi hushangaa kuona vidoa vinakuja na kupotea. Sababu yake ni kivuli. Weka mkono karibu na ukuta wakati wa jua kali, utaona kivuli cheusi chenye kingo wazi. Weka siku ya mawingu, kivuli karibu kitapotea. Tundu la lenzi likiwa wazi, mfano f/2.8, mwanga huja kutoka upande mpana kama siku ya mawingu, na chembe haionekani. Ukilibana mpaka f/16 au f/22, mwanga huja kama jua la mchana, na kila chembe hutupa kivuli chake kwenye picha, hasa penye weupe: mbingu, ukuta, kanzu.

Sasa niwaeleze kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito. Hapa kwetu ziko familia ambazo baada ya 1994 zilibaki na picha moja tu ya mzee wao, na nyingine hazikubaki na hata moja. Mama mmoja jirani, mtu mzima, alitaka nakala za picha ya marehemu baba yake ili kila mjukuu apate yake. Hakutaka picha itoke nyumbani kwake, na ni haki yake. Tukaenda na kamera, mimi na kijana mmoja mwanafunzi wetu. Tukailaza picha mezani karibu na dirisha, tukaifunga kamera kwenye stendi ikiangalia chini. Kwa kuwa picha ilikuwa imejikunja pembeni, tukabana tundu mpaka f/16 ili yote ionekane vizuri.

Kwenye kompyuta tukaona vidoa vitatu: kimoja ukutani nyuma ya kichwa, kimoja begani juu ya kanzu nyeupe, na kimoja chini ya jicho la kushoto. Kijana ni mwepesi wa programu hizi, na mkono wake ulikuwa umeshakwenda kuvifuta vyote. Nikamwambia, "Subiri kwanza. Tujue kipi ni cha kamera na kipi si cha kamera."

Njia ya kujua ni rahisi, na nawaomba vijana waishike. Tuliigeuza ile picha juu chini, kamera ikabaki vilevile, tukapiga tena. Kidoa cha kamera hakijui kwamba picha imegeuzwa. Hubaki mahali pake pale pale. Kidoa cha karatasi huenda na karatasi. Basi kile cha ukutani na kile cha begani vilibaki mahali pao, sasa vikaangukia sakafu na pindo la kanzu. Cha chini ya jicho kilizunguka pamoja na uso.

Hata hivyo kingeweza kuwa uchafu wa karatasi, kwa hiyo tukamuuliza mwenyewe. Akaisogelea kompyuta, akatabasamu. "Hicho acheni, Mwalimu. Mama yangu alikuwa akimtania kwa hicho."

Ndugu zangu, fikirini kama kingefutwa. Picha ingekuwa safi, na wajukuu wangekua wakimjua babu kwa uso ambao haukuwa wake. Wala pasingekuwa na picha nyingine ya kuwasahihisha. Picha ya marehemu ni amana kama amana nyingine, na anayeichukua hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza.

Ndiyo maana ni bora kusafisha kamera kuliko kusafisha picha. Haya ndiyo tunayofanya madrasa:

1. Piga picha ya ukuta mweupe au mbingu kwa f/22. Vidoa vyote vitajitokeza. Ukibadilisha lenzi na vidoa vikabaki palepale, viko kwenye kihisi.

2. Kumbuka kwamba kihisi hupokea taswira iliyopinduliwa. Ukiitazama kamera kwa mbele, kidoa cha juu kushoto kwenye picha utakikuta chini kushoto kwenye kihisi.

3. Fanyia kazi hii ndani, chumba kikiwa kimepigwa deki na madirisha yamefungwa. Betri iwe imejaa, kwa sababu ikiisha katikati ya kazi pazia la kamera linaweza kufunga juu ya mkono wako.

4. Anza na kipulizio cha mpira, mdomo wa kamera ukiangalia chini ili vumbi lidondoke. Usipulize kwa mdomo wako, maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Usitumie kopo la hewa ya kubanwa, kwani hutema maji ya kemikali.

5. Kisichotoka kwa hewa, tumia kijiti maalumu chenye upana wa kihisi chako na dawa yake, tone moja au mawili. Pitisha mara moja kwenda, geuza upande, pitisha mara moja kurudi, kisha kitupe. Kama mkono wako hutetemeka, mpelekee fundi.

Kuna na vidoa vya mafuta. Hivi mara nyingi ni vya mviringo, wakati mwingine katikati ni vyepesi kuliko pembeni, na hewa haivitikisi. Hutoka ndani ya kamera yenyewe, kwenye mitambo ya pazia na kioo inayolainishwa. Kisa kinachojulikana ni cha Nikon D600 iliyotoka Septemba 2012. Malalamiko ya vidoa yalikuwa mengi, na Februari 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua na kubadilisha pazia bila malipo, hata kama muda wa dhamana umepita. Machi mwaka huohuo, baada ya televisheni ya taifa ya China kulitangaza jambo hilo, mamlaka za Shanghai ziliagiza isitishwe kuuzwa. Kwa hiyo kama vidoa vya mafuta vinarudi kila baada ya kusafisha, si uzembe wako. Ulizia dhamana.

Kamera nyingi siku hizi hutikisa kioo cha kihisi zenyewe zinapowashwa au kuzimwa, jambo lililoanza na Olympus E-1 mwaka 2003. Husaidia kwa vumbi kavu, lakini mafuta hayasikii mtikiso.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Usibadilishe lenzi barabarani, wala juu ya pikipiki. Zima kamera, iangalie chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Mkoba wa kamera ukung'ute nje kila wiki wakati wa kiangazi.

Na mwenye picha ya zamani nyumbani asingoje. Mvua na mchwa havingoji. Aje madrasa baada ya Alasiri, au aite tuje kwake. Tutaigeuza juu chini kwanza, na kabla ya kugusa kidoa chochote tutamuuliza.

Wabillahi tawfiq.