Njia ya Kutoka Chuo cha Kati Hata Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, hapa kwetu Babati twaona mambo mawili katika nyumba za watu. Katika nyumba moja kuna vigelegele, maana mtoto amechaguliwa kwenda kidato cha tano. Katika nyumba ya jirani kuna kimya. Mtoto wa nyumba ile hakuanguka, lakini alama zake hazikutosha kumpeleka kidato cha tano, na wazazi wake husema, “Basi, masomo ya huyu yamekwisha. Atafutiwe chuo chochote apate cheti.” Sisi tufundishao vijana hao twataka kusema leo habari ya neno hilo “chuo chochote,” kwa kuwa limewapoteza wengi waliokuwa na akili njema.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba njia ya kufika chuo kikuu si moja. Ya kwanza ni ile ijulikanayo na wote: kijana hupata alama C tatu au zaidi, huenda kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Ya pili ni ya vyuo vya kati. Kijana mwenye alama D nne au zaidi aweza kuingia chuo cha kati, akasoma astashahada, kisha stashahada, na mwisho akaomba nafasi ya shahada. Kwa kawaida masomo ya chuo cha kati huwa miaka 3, yaani mwaka 1 kwa kila ngazi, ya 4, ya 5 na ya 6. Basi hebu tuhesabu. Kwa shahada ya miaka 3, wa njia ya kwanza hutumia miaka 5 baada ya kidato cha nne, na wa njia ya pili hutumia miaka 6. Wamepishana mwaka 1 tu! Tena yule wa pili, akikosa fedha ya kuendelea, anayo kazi mkononi, hali mwenziwe wa kidato cha sita hana bado.

Wala vyuo vya namna hii haviko mbali nasi. Chuo cha Ualimu Mamire kiko hapa hapa Babati. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi yake mjini kwetu. Dareda kuna chuo cha uuguzi karibu na hospitali ya misheni, na Haydom, upande wa Mbulu, kuna chuo cha afya. Watoto wetu husoma humo kwa wingi. Lakini tukiuliza ni wangapi katika hao wajuao, tangu siku ya kwanza, ni nini kitakachotakiwa kwao siku ya kuomba chuo kikuu, twaona ni wachache mno.

Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo watu huiita TCU, imeweka kipimo. Mwenye stashahada hutakiwa awe na alama D nne au zaidi za kidato cha nne, na GPA isiyopungua 3.0. Kwa stashahada ya ualimu hutakiwa wastani wa alama B. Hicho ni kipimo cha chini kabisa, na vyuo vikuu vingine, kwa masomo mengine, hutaka zaidi. Tume hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kwa ajili ya wenye stashahada, mbali na kile cha wenye kidato cha sita, nacho hutaja kila shahada na sharti zake.

Sasa tutasimulia habari moja. Binti wa mkulima mmoja wa mbaazi na mahindi, ambaye tulimfundisha sekondari, alikwenda chuo cha kati mkoa mwingine. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Binti alimaliza stashahada yake vizuri, akaomba chuo kikuu, akakataliwa. Akaja nyumbani kwetu pamoja na baba yake, amekishika cheti mkononi, akatuamkia, kisha akasema, “Mwalimu, hapa pameandikwa daraja la pili. Mbona wamenikataa?” Tukakisoma. Kweli lilikuwa daraja la pili, la chini. Lakini daraja hilo huanza katika GPA ya 2.7 na kuishia 3.4, na yeye alikuwa na 2.9. Baba yake akauliza, “Yaani ni moja ya kumi tu, mwalimu?” Tukamjibu kwamba ndivyo. Mzee akanyamaza muda mrefu.

Tulipomwuliza binti kama alijua kiwango hiki alipoanza, alisema hakuambiwa na mtu. Mwaka wa mwisho alikuwa na somo moja alilolidharau, kwa sababu aliambiwa na wenzake kwamba mradi amefaulu, yatosha. Kwa cheti ilitosha, lakini kwa chuo kikuu haikutosha. Kama angaliambiwa mapema, je, asingaliongeza bidii katika somo lile moja? Twaamini angaliongeza. Hakupungukiwa na akili, wala baba yake hakukosa moyo wa kutoa. Alimkosa mtu wa kumwonya mapema.

Kwa sababu hiyo twawaandikia ninyi wazazi, na ninyi vijana, mambo matano ya kushika.

La kwanza, msiache masomo ovyo sekondari. Vijana wengi wameacha Fizikia na Kemia walipofika kidato cha tatu, kwa kuwa ni magumu. Baadaye mmoja wao husoma stashahada ya utabibu, akafanya kazi vema, akatamani kuwa daktari kamili. Hapo hukuta kwamba, pamoja na wastani wa B au GPA ya 3.0 katika stashahada yake, hutakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Jambo alilolikata akiwa na umri wa miaka 15 lamfungia mlango akiwa na miaka 25. Kadhalika ndugu Wakristo, tulijue neno hili: katika zile alama nne za kuingilia chuo cha kati, masomo ya dini hayahesabiwi. Si kwamba hayana faida, la. Lakini asidhani mtu kwamba ana alama nne, kumbe kwa hesabu ya chuo anazo tatu.

La pili, ulizeni habari za chuo kabla ya kutoa ada. Vyuo vya kati husajiliwa na baraza la serikali liitwalo NACTVET, nalo hutangaza orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na masomo yaliyoruhusiwa katika kila chuo. Twamjua kijana aliyesoma mwaka mzima mahali fulani, kisha ikaonekana kwamba somo lile halikuwa na idhini, na mwaka wake ukapotea pamoja na fedha. Kuuliza si ujinga. Tena chagueni stashahada kwa kuitazama shahada inayofuata. Mwenye stashahada ya uhasibu atakaribishwa katika shahada za biashara. Hatakaribishwa katika uuguzi, hata awe na GPA ya 5.0.

La tatu, anzeni kulinda GPA tangu muhula wa kwanza. Haijengwi na mtihani wa mwisho peke yake. Kazi za darasani na majaribio ya katikati ya muhula huingia ndani yake. Mwanafunzi ajifunze kuihesabu mwenyewe kila muhula, kama mkulima ahesabuvyo magunia yake. Akiona imeshuka, aende kwa mwalimu wa somo mapema, asingoje matokeo.

La nne, tengenezeni hati. Hili laonekana dogo, lakini limewakwamisha wengi. Mtoto amebatizwa kwa jina moja, ameandikishwa shule kwa jina la pili, na cheti cha kuzaliwa kina jina la tatu la babu. Siku ya kuomba mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na majina yakipishana huanza safari za kwenda kuapa mbele ya wakili na kurudi. Pia mwenye stashahada hutakiwa apate namba ya uhakiki kutoka NACTVET, iitwayo AVN, ndipo aweze kuomba chuo kikuu. Mambo hayo yote yatengenezwe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

La tano, jueni namna ya kuomba. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa chuo kikuu akitakacho, kwa njia ya intaneti. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayoletewa kwa simu. Wako vijana wa vijijini waliochaguliwa, lakini simu ilikuwa ya mjomba, na mjomba alikuwa safarini Magugu kununua mpunga; siku zikapita. Basi simu iandikwe ile iliyo karibu na mwombaji mwenyewe.

Na aliyekwisha kupata pungufu ya 3.0, je, amepotea? Hapana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina masomo ya msingi ya kumwandaa mtu kwa shahada. Mwenye stashahada ya GPA ya 2.0 au zaidi aweza kuyasoma akiwa nyumbani au kazini, na akifaulu kwa GPA ya 3.0 kwa masharti yake, huhesabiwa kuwa amestahili. Yule binti tuliyemtaja tulimwonyesha njia hiyo, naye ameishika. Asubuhi hufanya kazi, jioni husoma. Ni mwaka mmoja zaidi, na ada nyingine juu ya zile za ng'ombe wawili. Lakini hakukata tamaa, na baba yake hajakata tamaa.

Wako wasemao kwamba njia hii ya kupitia chuo kidogo ni ya walioshindwa. Hao wakumbuke habari za Mwalimu Nyerere. Alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hata 1945, wakati Makerere ilipokuwa haitoi shahada bado, akapata stashahada ya ualimu. Akafundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Halafu mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akapata shahada yake. Tena hakutembea peke yake: mapadre wa shule ile, na hasa Padre Richard Walsh, walimhimiza na kumsaidia. Basi ikiwa mtu kama yeye alihitaji wa kumshika mkono, mtoto wa mkulima wa Gallapo au Dareda atawezaje bila mtu?

Hata mataifa makubwa yana taabu hiyo hiyo. Marekani kuna vyuo vya jamii vya miaka 2, na cha kwanza kilifunguliwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mwanafunzi aweza kusoma huko miaka 2 kwa ada ndogo, kisha akahamia chuo kikuu akaendelea na mwaka wa 3. Lakini huko pia wengi hufika chuo kikuu wakaambiwa kwamba baadhi ya masomo yao hayahesabiwi, wakayarudia. Kwa hiyo vyuo vingi vya huko vimeweka watu ambao kazi yao ni kukaa na mwanafunzi tangu mwanzo, wakimwonyesha masomo ya kuchukua. Sisi hatuna fedha ya kuajiri watu wa namna hiyo kila kijiji. Lakini je, hatuna watu?

Twasema tunao. Katika kila kijiji yuko mwalimu, au mwuguzi, au bwana shamba aliyepita njia hii mwenyewe. Yuko kijana aliye chuo kikuu sasa, arudiye nyumbani wakati wa likizo. Shuleni kwetu tumeanza jambo dogo. Jumamosi moja kila muhula tunawaita wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na wazazi wao, na vijana waliotangulia huwaeleza mambo haya kwa lugha nyepesi, kila mmoja na hati zake mkononi. Mwaka wa kwanza walikuja wazazi 6. Safari iliyopita madawati hayakutosha, na akina mama walikaa chini ya mti nje ya dirisha, wakisikiliza.

Jambo hili halitaki fedha nyingi. Lataka mtu mmoja ajuaye, na mwingine akubaliye kuuliza. Ikiwa twaweza kukaa kamati miezi 3 kwa ajili ya arusi ya siku moja, haitushindi kukaa saa 2 kwa ajili ya miaka 6 ya mtoto. Wazazi, matokeo yatakapotoka mwaka huu, msiseme “chuo chochote.” Mchukueni mtoto, chukueni na cheti chake, mwendeni kwa mwalimu aliye karibu, mkamwulize: baada ya chuo hiki, mlango unaofuata ni upi, na ufunguo wake ni nini? Nasi walimu tuwe tayari kujibu.