Mbuzi ya Shangazi: Mawazo Juu ya Kusomea Usanifu Katika Shahada ya Uzamili

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa njia ya masimulizi ya mambo yaliyomfika mwandishi mwenyewe, tatizo linalomkabili Mswahili anayesomea usanifu wa vifaa katika kiwango cha shahada ya uzamili. Tatizo hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa lugha: mwanafunzi husomeshwa, hujadiliana na wenzake na huandika tasnifu yake kwa Kiingereza, ilhali vyombo anavyovichunguza vina majina, sehemu na matumizi ambayo wenyewe huyaeleza kwa Kiswahili. Upande wa pili ni wa taaluma yenyewe: je, ni nani anayestahili kuitwa msanifu? Sidai kwamba ninalo jawabu kamili la maswali haya. Nataraji tu kwamba wasomaji wa jarida hili, ambao kazi yao ni lugha, wataona kwamba jambo hili linawahusu wao pia.

2.0 Kazi ya Mwaka wa Kwanza

Nilipoanza masomo hayo nilikuwa nimekwisha kufundisha sanaa za ufundi katika shule ya sekondari kwa miaka 11. Nilidhani kwamba ninajua kuchora na kupima, na kwamba kilichobaki ni kuongezewa nadharia. Nadharia tulipewa kwa wingi. Tulisoma habari za shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa na Walter Gropius huko Weimar mwaka 1919 na kufungwa Berlin mwaka 1933, na jinsi ilivyojaribu kuunganisha kazi ya fundi na ile ya kiwanda. Tulijifunza kutumia majedwali ya vipimo vya mwili wa binadamu: urefu wa goti, upana wa bega, umbali wa mkono unaponyooshwa.

Kazi yetu kubwa ya mwaka wa kwanza ilikuwa kuchagua kifaa kimoja cha nyumbani na kukiboresha. Mimi nilichagua mbuzi ya kukunia nazi. Sababu ilikuwa ya wazi. Nililelewa na shangazi yangu huko Pangani, na tangu utotoni nilimwona akiinuka kutoka kwenye mbuzi yake huku ameshika kiuno. Kama wasomaji wengi wajuavyo, mbuzi ni vipande viwili vya mbao vilivyopishana na kukunjika, na mwishoni mwa kikalio hutokeza chuma bapa chenye meno. Mkunaji huketi chini sana, huushika upande wa nazi kwa mikono miwili na kuuzungusha kwenye meno hayo, nazi ikaangukia katika sinia.

Kwa kufuata majedwali, nilisanifu mbuzi yenye miguu minne isiyokunjika, kikalio chenye kimo cha sentimita 42, na chuma kisichoshika kutu. Walimu waliokisahihisha kifaa hicho walikisifu sana, nami nikashauriwa nikifanye kuwa msingi wa tasnifu yangu. Katika michoro yangu vipande vya mbuzi ya zamani nilikuwa nimevipa herufi tu, A, B na C, kwa kuwa sikujua majina yake wala sikuona haja ya kuyauliza.

3.0 Jikoni Pangani

Ramadhani ilipokaribia nilikipeleka kifaa changu kwa shangazi. Baada ya kumwamkia nilikiweka mbele yake, naye akakitazama kwa furaha, akakikalia na kukuna nazi moja. Kisha aliinuka bila ya kusema neno, akaitungua mbuzi yake ya zamani iliyokuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, akaikunjua na kuendelea na nazi ya pili.

Nilimwuliza kasoro iko wapi. Alinijibu kwa upole, kama amjibuye mtoto asiyetakiwa kuvunjwa moyo:

"Mwanangu, kiti chako kizuri, na chuma chake kikali kuliko changu. Lakini nikikuna juu hivi, nazi hutawanyika nje ya sinia. Tena nitakitundika wapi? Na nikenda nacho shughulini, wenzangu wote wako chini, mimi peke yangu niko juu. Nani atazungumza nami?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeupima mgongo wake, lakini sikuwa nimelipima sinia. Nilikumbuka arusi nilizohudhuria utotoni: wanawake wamekaa duara uani, kila mmoja na mbuzi aliyoibeba kutoka kwake, wakikuna nazi za pilau na za maandazi, na habari za mji mzima zikipita baina yao. Mbuzi hukunjika kwa sababu husafiri. Nayo ni fupi kwa sababu sinia liko chini, na kwa sababu wenzake mtu wako chini. Mambo hayo hayakuwamo katika jedwali lolote nililolisoma.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaa, nikiwa na daftari. Alinitajia jina la kila kipande nilichokuwa nimekipa herufi, akanieleza kwa nini kikalio huchongwa kipana nyuma na chembamba mbele, na akanionyesha jinsi tundu la msumari unaoshika vile vipande viwili linavyobadilishwa kidogo kulingana na kimo cha mteja. Kwa maneno mengine, fundi yule alikuwa akipima mwili wa binadamu siku zote. Tofauti ni kwamba aliupima mwili wa mtu mmoja anayemjua.

4.0 Juu ya Neno Kusanifu

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno sanifu, lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana mbili katika Kiswahili. Maana moja ni kutunga au kubuni kitu kwa ustadi, nayo ndiyo inayopatikana tunapomwita mtu msanifu majengo. Maana nyingine ni ya kitu kilichofanywa kifuate kipimo kimoja kinachokubalika na wote. Hiyo ndiyo iliyotupatia istilahi Kiswahili sanifu, yaani Kiswahili ambacho msingi wake, lahaja ya Kiunguja, ulichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na ambacho Kamati ya Lugha ilianza kukishughulikia mwaka 1930. Kutokana na maana hiyo ya pili tumepata kitenzi kusanifisha.

Nilipoyatafakari maneno hayo mawili, niliona kosa langu kwa uwazi ambao Kiingereza hakikunipa. Nilikuwa nimesanifisha kabla ya kusanifu. Nilichukua kipimo cha mtu wa wastani, ambaye hayupo Pangani wala kwingineko, nikamkalisha mahali pa shangazi yangu.

Wala wazo hili si geni katika taaluma ya usanifu. Mwaka 1958 Charles na Ray Eames, wasanifu wa Kimarekani, waliiandikia serikali ya India ripoti ambayo ilichangia kuanzishwa kwa taasisi ya taifa ya usanifu mjini Ahmedabad mwaka 1961. Katika ripoti hiyo walikisifu chombo cha kawaida kabisa cha kuchukulia maji, lota, wakaeleza kwamba hakikuweza kubuniwa na mtu mmoja, bali ni kazi ya watu wengi wa vizazi vingi. Ripoti hiyo nilikuwa nimeisoma na kuijibia mtihani. Hata hivyo, niliweza kuiona hekima ya chombo cha India huku nikishindwa kuiona ile iliyotundikwa nyuma ya mlango wa nyumba niliyolelewa.

5.0 Hitimisho

Niliporudi chuoni nilikuwa na uchaguzi mgumu. Kifaa kilichosifiwa kilikuwa njia fupi ya kupata shahada. Mwishowe niliandika tasnifu juu ya kushindwa kwake. Utetezi wake ulikuwa mkali, na mtahini mmoja aliuliza kama hayo ni usanifu au ni hadithi za jikoni. Nilitakiwa kufanya masahihisho mengi, lakini nilifaulu.

Kutokana na hayo ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara za Kiswahili na zile za usanifu zishirikiane kukusanya istilahi kutoka kwa mafundi na jikoni kabla ya kubuni mpya, kwani nyingi zipo tayari. Pili, kila tasnifu juu ya vyombo vyetu iwe na ikisiri ya Kiswahili, na ikisiri hiyo isomwe mbele ya wale waliochunguzwa.

Mimi nilimsomea shangazi ya kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha mahali pawili. Kiti changu sasa kiko uani, na juu yake umewekwa mtungi wa maji. Ama kile chuma changu, alichokisifu tangu siku ya kwanza, amempa seremala akakipigilia kwenye mbuzi yake ya zamani.