Ziwa la barafu la Alaska na jile zetu za Kivu

Sisi tuko Anchorage, jimbo la Alaska, Marekani. Wengi wenu mlituuliza kama ni kweli huku watu wanapanda elikopta kwenda kupiga kasia katikati ya barafu. Ni kweli. Mwezi wa nane sisi mama wanne tulienda, kwa pesa za likelemba yetu ya mwaka mzima.

Tulitoka alfajiri kwa gari mpaka Seward, mji mdogo wa bandari, kilomita 200 hivi kutoka Anchorage. Kabla ya kuruka, kila mmoja alipandishwa kwenye mizani kama watoto wetu siku ya CPS, maana rubani anapanga viti kufuatana na uzito. Tulicheka sana, lakini kukisia kilo hakukuruhusiwa.

Elikopta ilituchukua kama dakika 15 juu ya ghuba. Chini tukaona Bear Glacier, mto mpana wa barafu unaoshuka polepole sana kutoka milimani, wenye mistari myeusi ya mawe katikati, utafikiri barabara. Pale barafu inapoishia, maji yake yamekusanyika kuwa ziwa, na ukingo wa changarawe unalitenga na bahari. Barafu inazidi kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, na ziwa linazidi kukua. Hata kwetu ni hivyo: barafu ya Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, imepungua sana tangu wakati wa babu zetu.

Tulipotua, hatukuingia majini mara moja. Tulivalishwa nguo nzima isiyopitisha maji, inayobana shingoni na mikononi, na juu yake jile. Kiongozi alipita kwa kila mmoja, akakaza mikanda, kisha akaishika jile mabegani na kuivuta juu kwa nguvu. Ikipanda mpaka masikioni, haikufai. Mmoja wetu alibadilishiwa.

Kiongozi alitueleza sababu. Maji yale yanakaribia kuganda. Ukianguka, dakika ya kwanza pumzi inakatika, na baada ya kama dakika 10 mikono haitii tena, hata kama unajua kuogelea. Jile ndiyo inayokushikilia mpaka wenzako wakufikie.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba, na zetu zilikuwa za watu wawili wawili. Tulipita kati ya vipande vya barafu vya buluu, vingine vikubwa kama nyumba. Vidogo vilikuwa vinatoa mlio kama mafuta kwenye kikaango: ni hewa ya zamani inayotoka barafu ikiyeyuka. Vikubwa hatukuvikaribia. Tunachokiona juu ni kama sehemu moja ya kumi tu, nyingine iko chini, na kipande kinaweza kupinduka ghafla.

Jioni, njiani kurudi, mazungumzo yetu yalikuwa ya Kivu. Maji ya Kivu hayana baridi ya namna hii, lakini yanaua. Mnakumbuka tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama toka ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Huku Alaska watu wanaokwenda kutembea tu hawaingii majini bila jile. Mama anayevuka na maharage yake na mtoto mgongoni, kwa nini avuke bila jile?

Tunapendekeza hivi. Kila kikundi kitoe zamu moja ya likelemba kununua jile, za wakubwa na za watoto, mwanachama anayesafiri aazime na kurudisha. Ya mtoto iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, isije ikamvuka kichwani. Mtoto avalishwe yake mwenyewe, asifungwe mgongoni kwa kitenge, maana jile ya mama inamgeuza mama uso juu, na mtoto anabaki chini ya maji. Kabla ya kupanda, vuta mabega ya jile kama tulivyofanyiwa. Na boti ikijaa, shukeni, mngojee nyingine.

Sisi wanne tumekwisha kutenga zamu yetu ya mwezi ujao. Mtuandikie ni jile ngapi mnahitaji, na ngapi ni za watoto.