Mikwaruzo ya Msasa

Mjukuu wangu alikuwa akiunganisha ndege ndogo ya plastiki, mfano wa Dakota DC-3, aina ambayo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliwahi kuirusha kabla ya kuvunjika mwaka 1977. Gundi iliacha tuta kwenye kiungo cha bawa. Nikamnyang'anya kazi ili nimwonyeshe. Nilichukua msasa namba 80, ule wa maseremala, nikasugua kwa nguvu. Tuta liliondoka, lakini bawa likajaa mikwaruzo. Mtoto hakusema neno.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi rangi wa magari hapa Lemara. Alitabasamu, akanipa misasa ya maji: namba 400, 600, 1000 na 2000.

“Mwalimu, usiruke hata mmoja. Kila msasa unafuta mikwaruzo ya uliotangulia. Na ubadili mwelekeo, uone iliyobaki.”

Mwishowe ning'arishe kwa dawa ya meno na kitambaa laini.

Hatua kwa hatua: ndivyo tulivyofundishwa kuandaa somo chuo cha ualimu. Lakini msomaji wangu, nilipokuwa mwalimu mkuu fimbo yangu ilikuwa namba 80. Wapo niliowanyoosha nikadhani kazi imekwisha, kumbe mikwaruzo ilibaki. Leo ni watu wazima, na sijui niwarudie kwa msasa upi.

Huyu mmoja ningali naye.

“Nisamehe, mjukuu wangu,” nilimwambia.

Hakujibu. Alinisogezea bakuli la maji, tukaanza na 400.