Hereni ya kielektroniki: ikae wapi sikioni?

Ndugu wafugaji na wafanyabiashara wa ng'ombe, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Baada ya kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kuzinduliwa Juni 2025, niliwavalisha hereni ng'ombe wa mzee mmoja upande wa Serengeti. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, nikaharakisha. Dume mmoja nikamwekea karibu na ncha ya sikio. Miezi michache baadaye akarudi toka malishoni sikio limechanika, hereni imebaki kwenye miba.

Mzee akampeleka mnadani ili apate ada ya mjukuu. Huku kwetu mnajua sikio lililochanika linavyotazamwa: wezi huzikata hereni. Alishinda siku nzima akithibitisha mali yake, na mnunuzi akaondoka. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, wewe uliharakisha, aibu nimeibeba mimi."

Basi zingatieni haya:

1. Mfunge ng'ombe vizuri kwanza. Akitikisa kichwa, tundu litakwenda kombo.
2. Shika sikio, utasikia mifupa laini miwili imepita kwa urefu. Toboa katikati yake, mbali na mishipa ya damu, karibu zaidi na kichwa kuliko ncha.
3. Kipande chenye chipu kikae upande wa ndani wa sikio; msumari uingie kutoka nyuma.
4. Kwa ndama, acha nafasi, maana sikio litakua na kunenepa.
5. Safisha koleo na sikio kwa dawa. Kagua kidonda kwa siku kumi. Ukiona usaha au funza, niite.

Jambo jingine: hereni hii haina betri wala haionyeshi ng'ombe yuko wapi. Inatoa namba tu pale kifaa cha kusomea kinaposogezwa karibu, na vyuma vingi vikiwa jirani usomaji unasumbua. Kwa hiyo haizuii wizi usiku. Kazi yake ni kuthibitisha mali ni ya nani, nayo itafanya hivyo ikiwa bado ipo sikioni. Andika kila namba kwenye daftari, pamoja na rangi na umri. Mnunuzi naye alinganishe namba kabla ya kutoa pesa.

Nilimrudia mzee. Dume alivalishwa hereni nyingine, sikio la pili, taratibu. Namba mpya tuliiandika pamoja.